Goti langu, mkokoteni, na gango la mguu wa kushoto

Nyumba tunayokaa Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa, ina ngazi 41 kutoka mlango wa barabarani hadi sebuleni kwangu. Nilizihesabu mwaka ule goti langu la kulia lilipoanza kunisumbua, kwa sababu mtu hahesabu ngazi za nyumba aliyozaliwa mpaka siku kila moja inapokuwa na bei yake. Ni ngazi za kizamani, nyembamba na zilizosimama, zilizojengwa na watu waliobana nafasi bila ya kumfikiria mwalimu mstaafu mwenye kilo 80 na kikapu cha mboga kutoka soko la Marikiti. Kupanda kulikuwa kugumu, lakini kushuka ndiko kulikonitoa machozi. Habari hii ni ya goti hilo, na ya gango, yaani kifaa cha kuvaa gotini, lililonipa nafuu.

Kwanza nilipokea ushauri wa kila aliyepita mlangoni. Jirani mmoja aliniambia kwamba mafuta ya goti yamekauka, hivyo ninywe maji ya bamia kila asubuhi kabla ya kutia kitu kinywani. Nikayanywa kwa muda wa wiki tatu. Sina ubaya na bamia, ingawa naipenda zaidi ikiwa ndani ya mchuzi, lakini ute wake ukishafika tumboni humeng'enywa kama chakula kingine chochote, wala hauna njia ya kuteremkia gotini. Mwingine aliniletea mafuta ya karafuu ya kuchua, nayo yalinipa nafuu ya saa moja na harufu ya siku nzima.

Hatimaye nilikwenda hospitali, nikapigwa picha ya eksirei nikiwa nimesimama wima. Jambo hili la kusimama lina maana yake. Mtu akipigwa picha amelala, mifupa yake haikandamizwi na uzito, na ile nafasi iliyo kati ya fupa la paja na mfupa wa muundi huonekana pana kuliko ilivyo anapotembea. Katika picha yangu, nafasi ya upande wa nje wa goti ilikuwa mstari mweusi ulionyooka, mnene kama wa kalamu ya wino. Ya upande wa ndani ilikuwa imebaki uzi. Pembeni mwa mfupa palikuwa pameota vijimiba. Daktari aliandika daraja la 3, kwa kipimo kilichowekwa na madaktari Kellgren na Lawrence mwaka 1957, ambacho huanzia sifuri, yaani goti lisilo na dalili yoyote, na kuishia 4, pale nafasi inapokuwa karibu kwisha kabisa. Ugonjwa wenyewe unaitwa osteoathritisi, ambao sisi mitaani huutia katika kapu moja la baridi yabisi pamoja na jongo na maumivu mengine yote ya viungo, japokuwa asili zake ni mbalimbali.

Kilichopungua pale palipobaki uzi ni gegedu, ile ngozi nyeupe inayoteleza unayoiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Hulishwa na ute wa kiungo, ambao huingia na kutoka ndani yake kila goti linapokandamizwa na kuachiwa, na kwa kuwa halina damu, likijeruhika hujitengeneza kwa shida sana. Nilichojifunza hapa ni kwamba gegedu lenyewe haliumi. Kinachouma ni mfupa ulio chini yake, unaopokea mzigo ambao zamani ulikuwa ukitandazwa, pamoja na utando wa kiungo unaovimba. Kwa hiyo swali la kuuliza si mafuta yamekwenda wapi, bali mzigo unakaa wapi.

Mzigo hukaa ndani zaidi kuliko nje, na sababu yake ni ya kimaumbile. Katika kila hatua kuna muda ambapo mguu mmoja peke yake unaubeba mwili mzima, na mwili huo hauko sawasawa juu ya goti bali umeelemea upande wa ndani, kuelekea katikati ya miguu miwili. Goti hutaka kubonyea nje, na sehemu yake ya ndani ndiyo inayobanwa. Mtu anapotembea kwenye ardhi tambarare, goti hubeba takriban mara mbili hadi tatu ya uzito wake, kwa kuwa misuli nayo inavuta na kuongeza mkandamizo, na asilimia 60 hadi 70 ya mzigo huo hupita upande wa ndani. Kwenye ngazi mzigo huzidi hapo. Kwa kilo zangu 80, hatua moja ya barabarani ni kama kilo 160 hadi 240. Mwenye matege huongezewa tena, kwa sababu goti lake limeshatangulia kutoka nje ya mstari, na mimi nina matege tangu utotoni, jambo ambalo wenzangu wa chuoni hawakuacha kunikumbusha.

Mtu wa Mombasa ana mfano wa kumfaa kila anapotoka nje. Tazama hamali anayesukuma mkokoteni wa magunia kuelekea sokoni. Magunia yakiteleza na kulalia gurudumu moja, gurudumu hilo hulia, tairi lake hulika, na mkokoteni mzima huvuta upande. Hamali hapunguzi hata gunia moja, maana amelipwa ayafikishe yote. Husimama, akaweka bega, akayasogeza yakae katikati, kisha akaendelea na safari. Gango la goti, lile lenye vyuma na bawaba, kazi yake ni hiyo ya bega la hamali. Uzito wangu haliupunguzi; hutoa sehemu ya mzigo kwenye upande uliochakaa na kuupeleka kwenye upande ambao bado una gegedu.

Nimesema lile lenye vyuma na bawaba kwa sababu wengi wetu tukisikia habari ya kuvaa kitu gotini tunafikiria ile soksi nyeusi ya goti inayovutika, inayouzwa kila duka la dawa. Niliinunua hiyo kwanza. Si kitu bure: hulitia goti joto, hulibana kidogo, na ngozi inapoguswa pande zote ubongo hupata habari zaidi za goti lilipo, hivyo mtu hukanyaga kwa uhakika na hana hofu ya kuteguka. Lakini haina mfupa wa kusukuma chochote. Hubana pande zote sawasawa, na kitu kinachobana sawasawa hakiwezi kuhamisha mzigo kutoka huku kwenda kule. Mimi naiweka katika fungu la shuka la kujifunika: yanayofariji ni mengi, na faraja si dharau, ila isiuzwe kwa jina la tiba.

Basi nikatafuta gango. Duka nililoliingia, ambalo sitalitaja, lilikuwa na moja tu la saizi yangu, na katika ukanda wake wa ndani palikuwa na herufi iliyofifia ambayo sikuijali. Nilimuuliza muuzaji kama kuna la mguu wa kulia na la mguu wa kushoto. Akacheka kwa upole, akaniambia, "Mama, goti ni goti." Nikalipa pesa nyingi, nikarudi nalo nyumbani, nikalivaa kwa wiki nzima kwa subira kubwa. Goti likazidi kuuma. Siku ya tano nilianza kushuka ngazi kinyumenyume, nimeshika ukuta kwa mikono miwili, na mwanangu akaniuliza kama gango lile ni dawa au ni adhabu.

Niliyemwendea baadaye ni mtaalamu wa fiziotherapia ambaye, kwa bahati, niliwahi kumsomesha darasa la sita. Alilitazama gango kabla ya kuligusa goti, akasema, "Mwalimu, hili si lako. Hili ni la mguu wa kushoto." Kisha akanifafanulia kwa rula ya plastiki, na darasa lile fupi nitalieleza kwa kituo, kwa sababu ndilo kiini cha habari yote.

Aliishika rula yangu ya zamani ikiwa imesimama, vidole vya mkono wa kushoto vikizuia ncha ya juu na ya chini kutoka upande mmoja, kisha kwa dole gumba la mkono wa kulia akaisukuma katikati kutoka upande wa pili. Rula ikapinda. Ni sehemu tatu tu: mbili zinazuia, moja inasukuma. Kwa goti lililochakaa ndani, dole gumba linatakiwa litoke nje, lilisukume goti kuelekea ndani, huku paja juu na muundi chini vikizuiwa kutoka upande wa ndani. Hapo goti lenye matege hunyooka kidogo, kiasi kidogo mno kisichoonekana kwa macho, na ile nafasi ya ndani hupumua. Gango la mguu wa kushoto limeundwa lisukume kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kuwa nje ya mguu wa kushoto ni kushoto. Ukilitia mguu wa kulia, husukuma vilevile kutoka kushoto kwenda kulia, lakini kwa mguu huo kushoto ni ndani. Kwa wiki nzima nilikuwa nimemlipa mtu anisaidie kuyasogeza magunia yote juu ya gurudumu bovu.

Lile la kulia lilipopatikana, alinikalisha kwenye kiti, mguu umekunjwa kidogo, akapanga bawaba zikabiliane na katikati ya pia ya goti. Alifunga kwanza mkanda wa chini, ule unaokaa juu ya shavu la mguu, kwa sababu shavu ndilo linalozuia gango lisiteremke. Kisha wa paja. Mwisho ule wa kuvuta unaopita mshazari. Akazungusha kijiskrubu cha pembeni kidogo sana, akaniambia nisimame. Nilisikia mkono. Sina neno jingine: kana kwamba mtu amesimama nje ya goti langu, ameliwekea kiganja na kulikatalia kuanguka upande. Nilitembea kwenye ujia, nikageuka, nikarudi, nikaomba kutembea tena, naye akaanza kucheka.

Kuna kazi ya pili ambayo gango hufanya, na sikuijua mpaka aliponionyesha kwa kunishika paja. Goti likiwa halina imani na hatua inayofuata, misuli ya mbele ya paja na ya nyuma yake hukaza kwa pamoja, kila mmoja akivuta kwake, na kukaza huko kwenyewe hulikandamiza goti kama jiliwa la fundi linavyobana ubao. Gango linapolituliza goti, misuli ile huweza kulegea, na mkandamizo wake hupungua. Nadhani ndiyo maana nafuu niliyoipata haikuwa ya maumivu peke yake, bali pia ya uchovu. Zamani nilikuwa nikirudi kutoka sokoni na paja limechoka kama nimebeba mtu.

Lisichoweza kufanya ni lazima nikiseme pia. Haliotishi gegedu lililokwisha. Halimfai mtu ambaye goti limechakaa pande zote mbili kwa kiasi kimoja, kwa kuwa hakuna upande mzima wa kupelekewa mzigo. Na mwenye maumivu ya nyuma ya pia ya goti anahitaji kifaa cha namna nyingine. Mwenye kisukari aliyepungukiwa na hisia miguuni, mwenye mishipa iliyovimba na mwenye damu isiyotembea vizuri wasilifunge kabla ya kumwona daktari. Hata wataalamu wenyewe hawakubaliani kwa kiasi kimoja. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2019, wa chuo cha madaktari wa baridi yabisi, unalipendekeza kwa nguvu kwa mtu ambaye goti linamzuia kutembea na ambaye anaweza kustahimili usumbufu wake. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 umebana zaidi: lisitolewe kwa mazoea, bali pale goti linapoyumba au mzigo unapokaa vibaya, na mazoezi peke yake yameshindwa kufaa, na pana matumaini kwamba litamsaidia mtu kutembea. Mimi nikiisoma miongozo hiyo miwili naona mambo yote ya Uingereza yananihusu, matege na yote, hivyo sikuona haja ya kuchagua.

Neno usumbufu nalo si dogo, hasa hapa kwetu. Magango haya yameundwa na watu wa nchi za baridi. Wakati wa kaskazi, mwezi wa pili na wa tatu, unyevu wa Mombasa humfanya mtu atoke jasho akiwa amekaa, sembuse akiwa amefungwa sifongo na mikanda mitatu. Mwaka wa kwanza nilitoka vipele chini ya mkanda wa paja. Sasa huvaa chini yake soksi nyembamba ya pamba iliyokatwa kidole, ninazo nne na huzifua kila siku, na sifongo zenyewe huzivua na kuziosha kwa sabuni ya kawaida, kisha huzianika kivulini, maana jua letu hukausha mpira ukakatika. Nililizoea kidogo kidogo, saa moja siku za mwanzo, kisha mbili. Nyumbani silivai nikiwa nimekaa, na usiku nalivua kabisa. Nalivaa kwa kazi: sokoni, harusini, na kwenye ule mteremko wa kivuko cha Likoni, ambapo umati humsukuma mtu ashuke kwa kasi isiyo yake. Ndani ya buibui halionekani, na mabinti wanaoona haya wapate kujua hivyo.

Wanawake wenzangu huniuliza zaidi juu ya sala kuliko juu ya maumivu. Gango halizuii udhu, kwa sababu linakaa gotini na miguu huoshwa mpaka kwenye vifundo. Kukunja goti hadi mwisho ndiyo kazi, kwa kuwa ukingo wa gango hubana nyuma ya goti, na hata bila ya gango goti lenye ugonjwa huu halipendi kukunjwa kiasi hicho. Mimi husali juu ya kiti, ruhusa ambayo mgonjwa anayo, na nimechelewa kuipokea kwa kiburi tu. Kwa sababu hiyohiyo mbuzi ya nazi nimemwachia mkwe wangu. Kile kibao kiko chini mno, na kuinuka pale ni sawa na kupanda ngazi kumi kwa mpigo mmoja.

Mtaalamu wangu hakuniachia gango peke yake. Alinipa zoezi la kunyoosha mguu nikiwa nimekaa, nikauinua hadi ukawa sawa na kiti, nikahesabu hadi kumi na kuushusha polepole, kwa sababu msuli wa mbele ya paja ndio unaopokea kishindo kabla hakijafika kwenye mfupa, na mtu anayelitegemea gango bila ya kuufanyisha kazi msuli huo huudhoofisha. Akanisemea pia kilo zangu, kwa adabu ya mwanafunzi wa zamani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005, kwa wazee wanene wenye ugonjwa huu, ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Nimepunguza kilo sita, wala si kwa kuacha mahamri, bali kwa kuyala mawili pale nilipokuwa nikila matano. Bakora niliyokuwa nayo aliihamisha mkono. Nilikuwa nikiishika kwa mkono wa kulia, upande wa goti bovu, kama wanavyofanya wengi. Akaipeleka kushoto, kwa sababu ninapokanyaga mguu wa kulia mwili huelemea kushoto kwake, na huko ndiko bakora inakohitajika kuupokea.

Lile la kushoto bado limo kabatini. Nilijaribu kulirudisha, nikaambiwa kwamba kilichovaliwa hakirudishwi, na mtaalamu akaniambia nisimpe mtu kabla ya yeye kumwona, kwani hata mwenye goti bovu la kushoto huenda limechakaa upande wa nje.

La kulia limefikisha miaka miwili, na mkanda wake wa kuvuta umeanza kuachia. Nyuzi za kunata zimejaa pamba za nguo, na nikizisugua kwa mswaki mkavu hushika kwa siku mbili tatu kisha zikarudia uchovu wao. Wiki iliyopita nililipeleka kwa fundi viatu anayekaa kivulini karibu na Ndia Kuu. Alipitisha mkanda mpya katika pete ileile, akaushona kwa uzi wa nta mistari miwili, kisha akanitaka nilivae pale pale juu ya benchi lake ili aone urefu. Nikafunga wa chini, nikafunga wa paja, nikavuta ule wa mshazari. Akauliza ukazwe kiasi gani. Nikamwambia kiasi cha kupita vidole viwili, akavipitisha vyake, vinene na vyeusi kwa rangi ya viatu, vikakwama. Akaufumua, akauongeza nusu inchi.